MCHOVU SI MVIVU



Ndugu Waislamu wa Butembo na Beni,

Tunaletewa manung'uniko haya: "Mama amerudi kutoka matibabu Kampala kwa njia ya Kasindi, mwezi sasa, na bado analala mchana. Hata bidoni ya maji hainui." Wengine huongeza neno la kulogwa. Mcheni Allah!

Uchovu wa saratani si ule wa kutoka shamba. Usingizi hauumalizi. Ugonjwa wenyewe huuleta, dawa huuleta, upungufu wa damu pia, na waweza kukaa miezi baada ya dawa kwisha. Ukizidi, au akihema kwa shida, mrudisheni kwa daktari.

Katika Suratul Baqara mgonjwa ameruhusiwa asifunge Ramadhani, alipe siku nyingine. Mtume (s.a.w.) alimfundisha Imran bin Huswain kuswali kwa kukaa, na asipoweza, kwa ubavu. Basi Mola amempunguzia faradhi, nawe mume unamdai bugali?

Wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, tulizoea kusimama mbali na mgonjwa, na ilikuwa lazima. Saratani haiambukizi: keti karibu naye. Muulize saa gani ana nguvu, umwachie saa hiyo kazi moja aipendayo, zingine gawaneni. Akiweza, tembeeni naye polepole hadi barabarani, kwani kulala siku nzima huzidisha udhaifu.

Vijana, leo baada ya swala mbaki kidogo. Kuna nyumba zinazohitaji maji na makala.