Namba ya Kweli

Mtu anakuuzia kompyuta. Anaiwasha mbele yako, inawaka. Namba aliyoiandika kwenye tangazo unaiona kwenye skrini kwa macho yako mwenyewe. Unalipa, unapakia mzigo kwenye basi, unarudi zako Malindi. Miezi minane baadaye haiwaki. Je, huyo mtu alikudanganya?

Swali hili si langu. Ni la kijana mmoja wa Shella, hapa Malindi, anayehariri video za harusi. Alinunua kompyuta ya mezani Nairobi mwezi wa saba, mkono wa pili, shilingi 38,000. Tangazo lilisema prosesa ni Intel i5-2500K, gigahezi 4.5. Mimi hutengeneza mashine za watu jioni, na hii ililetwa kwangu Machi, imefungwa kwa leso.

Ukibonyeza swichi, feni inazunguka sekunde mbili tatu, inazima, inazunguka tena. Skrini kiza. Hakuna hata mlio. Huku kwetu wa kwanza kulaumiwa huwa stima, wa pili chumvi ya bahari, nami nikaanzia huko huko. Nikajaribu pawasaplai nyingine. Nikatoa RAM moja moja, nikazisugua miguu kwa raba ya penseli. Wapi! Mwisho nikachomoa waya wa stima, nikatoa ile betri ndogo ya madabodi, ile ya duara kama sarafu, nikangoja dakika kumi. Nikairudisha. Ikawaka mara moja, kama haijawahi kuumwa.

Betri hiyo ndiyo inayotunza mipangilio ya bayosi. Ukiitoa, madabodi inasahau ilichoamrishwa na kurudi kwa mipangilio ya kiwandani. Basi ugonjwa haukuwa wa stima wala chumvi. Ulikuwa wa amri. Nikaingia ndani ya bayosi, na kwa kuwa madabodi nyingine huhifadhi nakala ya mipangilio kwenye chipu isiyotegemea betri, nikaikuta amri yenyewe: kizidishi 45, volti 1.38.

Prosesa hii ilipotoka mwaka 2011, ahadi ya kiwanda ilikuwa gigahezi 3.3, na ikipata nafasi inapanda yenyewe hadi 3.7. Mwenye nayo wa kwanza aliisukuma hadi 4.5. Hiyo ndiyo vijana wa gemu huita kuovakloki. Si uchawi wala jinai. Ile herufi K maana yake kizidishi kimeachwa wazi, uchezee upendavyo. Ila kasi hailetwi bure. Lazima uongeze volti, na joto hupanda kwa mraba wa volti. Volti kidogo tu, joto jingi.

Mbona kiwanda hakikuuza 4.5 tangu mwanzo, kama chipu inaweza? Kwa sababu ahadi ya kiwanda ni ya chipu zote za jina hilo, pamoja na zile dhaifu, na ni ya chumba chochote: chenye vumbi, chenye joto, chenye stima inayoruka, mwaka wa kwanza na wa saba. Kwa hivyo huacha nafasi. Nenda ufuoni uangalie mashua iliyopakiwa vizuri, utaiona nafasi hiyo kati ya maji na ukingo. Siku bahari imelala unaweza kupakia mpaka maji yakaribie mdomo wa mashua, na utafika salama. Lakini ukingo ule mtupu haukuachwa kwa ajili ya siku kama hiyo.

Nairobi mwezi wa saba watu huvaa makoti. Malindi mwezi wa tatu, kabla masika hayajafungua, hata feni ya dari inapuliza joto. Mashine ilianza kwa kuganda wakati wa kurenda. Kisha ikawa inajizima na kujiwasha. Halafu faili moja la harusi likatoka na mistari ya kijani katikati ya kuingia kwa bi harusi, na kijana akakesha akilirudia. Joto na volti nyingi huzeesha chipu. Kasi ile ile huanza kudai volti zaidi ya ilivyodai jana. Siku ikafika ambapo 1.38 haikutosha hata kuwaka.

Nilipomweleza haya akanyamaza kidogo, kisha: "Kaka, sasa hapo nimeibiwa ama sikuibiwa?"

Maana mashine ilikuwa nzima. Ilikuwa pale mezani inafanya kazi, kwa 3.3.

Cicero, yule Mroma, aliligusa jambo hili mwaka 44 KK. Mfanyabiashara anatoka Alexandria na shehena ya nafaka, anafika Rhodes, watu wana njaa. Njiani ameona meli nyingine zenye nafaka zikija. Awaambie, au auze kwa bei ya njaa? Wanafalsafa wawili, Diogenes na Antipater, walitofautiana. Diogenes alisema kunyamaza si kuficha. Antipater alisema mnunuzi ajue kila anachokijua muuzaji. Cicero mwenyewe aliegemea upande wa kusema. Hapa pwani aliyepita madrasa anakijua kisa kilicho karibu zaidi: Mtume sokoni, anaingiza mkono kwenye lundo la chakula, vidole vinatoka na unyevu. Muuzaji anasema ni mvua. Anaulizwa kwa nini hakuuweka ule ulioloa juu watu wauone.

Kisa hiki cha pili ndicho kinachotufaa, kwa sababu ya lile neno juu. Muuzaji wa Nairobi hakusema uongo. Namba yake ilikuwa kweli, ikaonekana. Lakini 4.5 haikuwa sifa ya prosesa. Ilikuwa mapatano kati ya chipu, volti, feni na baridi ya chumba fulani, na mapatano hayo hayasafiri kwa basi. Yeye aliyajua, kwa maana aliyafunga kwa mkono wake. Aliuza hali akaiita sifa.

Wapo watakaosema mnunuzi angegugo. Sawa. Angegundua kwa dakika mbili. Lakini kugugo jambo kunahitaji ujue kuna jambo la kugugo. Na Intel wenyewe, mwaka 2012, walianza kuuza mpango wa malipo ya ziada: ukiiunguza kwa kuisukuma, walikuwa wanakubadilishia mara moja tu. Yaani mtengenezaji mwenyewe aliiona hatari hiyo kuwa kitu chenye bei. Muuzaji wetu alimpa mtu mzigo huo bila hata kumtajia.

Tena hatari haikuishia kwa mnunuzi. Yule bi harusi aliyetokea na mistari ya kijani alikuwa hajui lolote kuhusu volti. Ukijisukumia mashine yako mwenyewe kucheza gemu, ikazima, hilo ni lako na usiku wako. Tatizo ni akiba ya usalama iliyoliwa na mmoja huku mwingine akibaki kuitegemea. Na kompyuta isiyowaka kabisa ni afadhali mara mia kuliko ile inayowaka na kukuharibia faili polepole. Ya kwanza angalau imekuambia.

Nikamjibu: hukuibiwa, mdogo wangu, lakini ulidanganywa. Hakupenda. Alitaka neno linaloweza kurudisha pesa.

Wiki iliyofuata akaja na shauri jingine. Anataka kuiuza, kuna jamaa Kilifi anatafuta. "Niwekee 4.2 tu, kaka. Si itawaka?" Itawaka. Kwa grisi mpya ya joto na vumbi lililopulizwa, ingewaka pengine hadi Disemba. Na 4.2 inauzika, 3.3 inaonekana ya kizee. Nilimwambia nitaiweka akiandika kwenye tangazo kwamba imesukumwa, na kwa volti ngapi. Akacheka, "Hapo nani atanunua?" Tukabishana mpaka adhana ya magharibi, chai ikapoa.

Aliichukua vile vile ilivyokuwa. Tangazo lake nililiona juzi: i5-2500K, gigahezi 3.3, imesafishwa, bei ya maelewano. Yule wa Kilifi alishanunua nyingine.