Je, Kumficha Daktari ni Dhambi?



Jumapili moja nilihubiri kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Ndugu mmoja wa kwaya akaja madhabahuni akilia. Wengi wetu tulijua anatumia dawa ya akili, olanzapini. Hakuna aliyejua kwamba anavuta pakiti nzima ya sigara kwa siku. Usiku ule alizitupa zote chooni, wala hakumwambia mtu.

Wiki iliyofuata mama yake akanipigia simu: "Pasta, huyu mtoto analala mchana kutwa, akisimama anapepesuka." Tukasema ni vita vya kiroho, tukaomba. Baadaye tukampeleka kliniki. Daktari akamwangalia, akauliza: "Wewe ulikuwa unavuta sigara?" Ndugu akainamisha kichwa.

Kumbe moshi wa sigara huchochea ini kuvunja dawa kama ile haraka kuliko kawaida. Daktari asipojua, anaona dawa haifanyi kazi, anaongeza dozi. Mtu akiacha kuvuta, ndani ya siku chache ini linarudia mwendo wake, na dozi ile ile sasa inamzidi nguvu. Kinachofanya hivyo ni moshi, si nikotini, kwa hivyo hata anayeacha kwa msaada wa plasta ya nikotini lazima daktari wake ajue. Tena akatuambia kwamba mama wa miaka zaidi ya 35 anayevuta huku akimeza tembe za kupanga uzazi zenye estrojeni anajiweka katika hatari kubwa ya damu kuganda, kiharusi na mshtuko wa moyo.

Dozi ikapunguzwa, ndugu akarudi kuwa mzima. Lakini mimi nilibaki na swali. Kosa lilikuwa wapi? Si kuacha sigara. Hilo lilikuwa jema na bado ni jema. Kosa lilikuwa kuficha. Daktari hupima dawa kwa yale unayomwambia. Ukimdanganya, anamtibu mtu ambaye hayuko.

Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akajibu, "Pasta, nesi pale ni mshirika wetu. Niliogopa ungenitoa kwa kwaya."

Nilinyamaza, kwa sababu ni kweli, ningemtoa.

Basi uongo ule haukuwa wake peke yake. Yakobo ameweka kuungama na kuponywa pamoja. Lakini nani ataungama mahali anapojua atasemwa kabla ibada haijaisha? Kanisa likifanya ukweli uwe ghali, watu watanunua uongo, na wengine wataulipia kwa miili yao.

Mpendwa, kama unavuta na unatumia dawa, usiache dawa kwa hiari yako. Acha sigara, ndiyo, lakini mwambie daktari kabla hujaacha. Na ukija kwangu, sitakutoa popote. Ndugu yetu anaimba Jumapili hii.