Kura Juu ya Mgonjwa

Mwaka 1967, mjini Zürich, Daktari Gazi Yaşargil, Mturuki, alifanya tendo la ajabu. Aliutwaa mshipa wa damu upitao chini ya ngozi ya panja, akatoboa fuvu, na kwa msaada wa hadubini akaushona kwenye mshipa mwembamba ulio juu ya ubongo. Damu iliyozibiwa njia ikapewa njia nyingine, kama mkulima afunguavyo mfereji wa kando pale mfereji mkuu uzibapo. Nani asingelisifu? Upasuaji huo ukaenea upesi, ukitumainiwa kuzuia kiharusi.

Basi tangu mwaka 1977 madaktari wa nchi mbalimbali, wakiongozwa na Henry Barnett wa Kanada, wakafanya jambo lililowaudhi wenzao wengi: waliwagawa wagonjwa 1,377 kwa kura, hawa wapasuliwe, hawa wapewe dawa tu. Matokeo yalitolewa mwaka 1985. Mishipa iliyoshonwa ilikuwa wazi karibu yote, kazi safi kabisa. Lakini waliopasuliwa hawakuepukana na kiharusi kuliko wenzao.

Je, ni halali kuupigia kura uhai wa mtu? Wako waonao kwamba ni kumfanya mgonjwa kitu cha mchezo. Sisi twaona sivyo, maadamu daktari hajui kweli ni njia ipi iliyo bora, na mgonjwa ameelezwa, naye ameridhia kwa hiari. Hapo kura haimnyang'anyi mtu haki yake. Amnyang'anyaye ni yule ajidaiye kujua asichokijua, hata akiwa na huruma tele. Maana huruma yaweza kushika kisu vibaya kama uchoyo ushikavyo.

Lakini liko shauri gumu zaidi. Daktari aliyesadiki moyoni kwamba upasuaji utamponya mgonjwa wake, angewezaje kumtia katika kura? Ndiyo sababu wengi walipasuliwa nje ya kura ile, na baadaye ikanung'unikwa kwamba wagonjwa waliofaa hasa hawakuhesabiwa. Nung'uniko hilo halikuwa la kipuuzi, nalo lilijibiwa ipasavyo: huko Marekani na Kanada walichaguliwa wale tu ambao vipimo vilionyesha ubongo wao una upungufu wa damu, wakapigiwa kura upya. Jaribio hilo, la watu 195, lilikatizwa kwa kukosa matumaini, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Katika siku 30 za kwanza, yapata watu 14 katika kila 100 waliopasuliwa walipatwa na kiharusi upande ule ule. Miongoni mwa wasiopasuliwa, 2 tu. Kusadiki kwa daktari, basi, hakukuwa ujuzi.

Hatusemi upasuaji huo utupwe, la hasha. Katika ugonjwa uitwao moyamoya, uliotambuliwa kwanza Japani, ambao huziba polepole mishipa ya ubongo hata ya watoto wadogo, madaktari wangali wakiutumia.