Tusimhukumu mgeni kwa tendo moja

Mgeni akihamia kijijini, mara nyingi huhukumiwa kabla hajatua mzigo. Akipita bila kutoa salamu, twasema: "Mtu huyu ana majivuno." Tangu siku hiyo hakuna wa kumwonyesha kisima wala wa kumwazima jembe. Lakini sisi wenyewe tukipita bila kusalimu, sababu twaijua: mtoto ni mgonjwa nyumbani, au tumechelewa kazini. Kosa letu twalipa udhuru. Kosa la mgeni twaliita tabia yake.

Jambo hili lilipata kupimwa huko Marekani. Mwaka 1973 wataalamu wawili wa saikolojia, John Darley na Daniel Batson, walitangaza jaribio walilowafanyia wanafunzi 40 wa seminari ya Kiprotestanti ya Princeton. Kila mmoja alitumwa jengo jingine kutoa hotuba fupi, wengine juu ya mfano wa Msamaria Mwema. Njiani aliwekwa mtu aliyejifanya mgonjwa, amejikunyata mlangoni, akikohoa na kuugua. Wale wasiohimizwa, asilimia 63 walimsaidia. Wale walioambiwa kwamba wamekwisha chelewa, asilimia 10 tu. Na miongoni mwa waliompita walikuwamo waliokuwa wakienda kunena habari za Msamaria huyo huyo!

Je, vijana wale walikuwa na moyo wa jiwe? Aliyewatazama kutoka pale mlangoni angalisema hivyo. Kumbe wengi walisukumwa na haraka tu. Mimi niliyelelewa seminarini sithubutu kuwacheka.

Sisemi kwamba kosa si kosa. Mgonjwa aliyepitwa amepitwa. Lakini sisi twaona tendo, hatuoni mzigo ulio nyuma yake. Aonaye moyo ni Mungu peke yake.

Basi, tufanye nini? Kwanza, kabla ya kusema, "Ndivyo alivyo," tujiulize, "Amepatwa na nini?" Pili, habari za mgeni tumwulize mwenyewe, si majirani. Tatu, kosa la mtu mmoja tusiwatwike kabila lake lote.

Jumapili hii, baada ya Misa, huenda mgeni atasimama peke yake nje ya kanisa. Tumwendee, tumsalimu sisi kwanza. Siku ya hukumu kila mmoja wetu atatamani ahurumiwe. Tuanze leo kumhurumia mwenzetu.