Nafuta Kelele au Namfuta Mtu?
Kidole kikiteleza juu ya uzi nene wa gitaa, ule uliozungushiwa waya, hulia kama panya. Kazi yangu ni kukata huo mlio. Mngurumo wa umeme nafuta bila kuwaza, hauna mwenyewe. Lakini mlio wa kidole unatuambia mkono umehama, kuna mtu hapo. Hugh Tracey alipomrekodi Jean Bosco Mwenda mwaka wa 1952, hakukuwa na kompyuta ya kumpamba. Vijana wenzangu huniambia, "Toa zote, buda." Natoa, wamelipa (tena mapema). Ila mzee mmoja wa omutibo alisikiliza rekodi yake iliyosafishwa, akauliza, "Sasa hapo anayecheza ni nani?" Nilimrudishia milio yake yote, hata ule mbaya kabisa.