Sanamu ya Askari na deni la wapagazi

Ndugu msomaji, ukishuka Posta jijini Dar es Salaam, hatua chache kutoka bandarini, utaikuta sanamu ya Askari. Ameshika bunduki, singe mbele. Waingereza waliisimamisha mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliowapigania katika Vita Kuu ya Kwanza. Nilipowapitisha wanafunzi wangu pale, mmoja akaniuliza: "Ustadhi, huyu anaitwa nani?" Nikakosa jibu. Hana jina.

Sisi Waislamu tukiulizwa kuhusu masanamu, jibu letu li tayari. Ukituambia hakuna anayeiabudu, tutakukumbusha kaumu ya Nabii Nuh (AS). Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (RA) kuwa Wadd, Suwaa na wenzao walikuwa watu wema. Walipokufa wakawekewa sanamu ili wakumbukwe tu. Elimu ilipopotea, wakaabudiwa. Hilo ni sahihi. Lakini tukiishia hapo, tutakuwa tumelikimbia swali zito: wafu wale wanatudai nini?

Maana mtawala hujenga sanamu kwa haja yake. Kabla ya Askari, Wajerumani walimsimamisha mjini humo Hermann von Wissmann, aliyezima vita vya Abushiri, ambaye alinyongwa Pangani Disemba 1889. Chini ya Wissmann waliweka askari Mwafrika akimtazama bwana wake. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaiondoa, baadaye ikapelekwa Hamburg. Huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha mwaka 1968. Shaba haikumlinda.

Na huyu Askari wa Waingereza? Maandishi yake yanawataja pia wapagazi, lakini aliyesimama juu ni mwenye bunduki peke yake. Ilhali wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu, si kwa risasi. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao, Carrier Corps. Kila siku tunanunua na kuuza pale. Ni wangapi kati yetu wamewahi kuwaombea?

Kwetu Lutindi jambo hili si la vitabuni. Mwaka 1916 vita vilipita Korogwe na Handeni, na katika ukoo wetu yupo mzee aliyechukuliwa kubeba mizigo, asirudi. Hana kaburi, wala jina lake haliko kwenye jiwe lolote. Lakini bibi yangu, ambaye hakujua kusoma, alikuwa akimtaja kwa jina kila alipowaombea marehemu wetu. Mimi nimelipata kwake, na wanangu wanalijua.

Mtume (SAW) ametufundisha kuwa mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha na mtoto mwema anayemuombea. Masikini na tajiri wote wanaweza kumpa hayo maiti wao. Wala sisemi ibomolewe; hilo lina wenye mamlaka. Nasema tusiiachie shaba kazi iliyo juu yetu.

Basi Ijumaa hii muulize mzee wa ukoo wako: nani aliondoka na hakurudi? Liandike jina lake. Chimba kisima au nunua msahafu kwa niaba yake. Nasi tukiondoka, tutamhitaji wa kututaja hivyo hivyo.

Wabillahi tawfiq.