Malcolm X alikiri kosa lake, sisi je?

Kila ifikapo Februari 21, siku aliyouawa Malcolm X, vijana wetu husambaziana picha yake ile maarufu: miwani usoni, kidole juu, anaikemea Marekani. Mimi nami nilikuwa na picha hiyo. Niliibandika ukutani nilipokuwa mwanafunzi, na nikawa naamini kwamba ukubwa wa mtu huyu ni kuwa hakumwogopa mzungu.

Ndugu msomaji, umri umenifundisha kuwa sikumwelewa. Kumkemea adui si jambo gumu kuliko yote aliyoyafanya. Gumu zaidi alilifanya mwaka 1964, pale alipowageukia watu wake mwenyewe, waliokuwa wakimpigia makofi, akawaambia kuwa sehemu ya yale aliyowafundisha kwa miaka 12 haikuwa kweli.

Hilo ndilo ninalotaka tulitafakari leo. Je, mtu aliyekosea mbele ya watu analazimika kukiri mbele ya watu? Au yatosha kwake kutubu kimya kimya, yeye na Mola wake, mambo yakaisha?

Tuanze na kisa chenyewe. Malcolm alitoka gerezani mwaka 1952 akiwa mfuasi wa Nation of Islam, kundi lililoongozwa na Elijah Muhammad. Kundi hilo lilimtoa katika wizi na ulevi, na hilo yeye hakulisahau. Lakini lilimfundisha pia mambo ambayo Muislamu yeyote ayasikiapo husema audhubillahi: kwamba mzungu ni shetani kwa maumbile yake, na kwamba Elijah ni mjumbe wa Mungu. Malcolm aliyabeba mafundisho hayo kwa ufasaha ambao Marekani ya wakati ule haikuwa imeuona. Mitaa ya Harlem, New York, ilijaa watu walioingia kundini kwa kumsikia yeye.

Na tusisahau Marekani yenyewe ilikuwaje. Mtu mweusi wa majimbo ya Kusini alikuwa akinyimwa kura, akitengewa shule, akitengewa hata bomba la maji ya kunywa. Septemba 1963 watoto wanne wa kike waliuawa kwa bomu ndani ya kanisa mjini Birmingham. Katika nchi ya namna hiyo, ukimwambia mtu kuwa mzungu ni shetani hakuulizi ushahidi. Anao nyumbani.

Machi 1964 Malcolm alijitoa katika kundi lile. Mwezi uliofuata akaenda Hijja. Kule Jeddah alikumbana na aibu ambayo angeweza kuificha hadi kaburini: yeye, aliyeitwa mhubiri wa Waislamu kwa miaka mingi, hakujua kuswali. Hakujua kurukuu wala kukaa kitako cha Attahiyatu. Mambo hayo hakuyaficha. Aliyasimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake alichokiandaa na mwandishi Alex Haley, kilichotoka mwaka 1965.

Kisha akaenda Makka. Alikula sahani moja na watu weupe wa ngozi, akalala nao chini ya paa moja, akaswali nao bega kwa bega, na hakuona machoni mwao kile alichokizoea kwao. Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachonishangaza. Hakungoja arudi akapime upepo. Akiwa huko huko Arabuni aliandika barua kwa watu wake na kwa waandishi wa habari, na mapema mwezi Mei habari ilikuwa tayari imechapishwa katika gazeti la New York Times. Wiki chache tu baada ya kuujua ukweli, aliutangaza.

Hakuishia hapo. Miaka ya nyuma msichana mmoja wa kizungu, mwanafunzi wa chuo, alimfuata hadi Harlem akamuuliza afanye nini ili kusaidia. Malcolm alimjibu kuwa hana lolote la kufanya, na yule binti akaondoka akilia. Baadaye Malcolm alikisema kisa hicho kwa majuto. Na mwezi Februari 1965, siku chache kabla ya kuuawa, alifichua hadharani kwamba aliwahi kukaa kikao cha siri na watu wa Ku Klux Klan kwa niaba ya Nation of Islam, wakizungumzia ardhi ya weusi kujitenga. Nani alimlazimisha kulisema hilo? Hakuna.

Sasa nimlete mtu wa pili wa zama zile zile, tumpime naye. Robert McNamara alikuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani kuanzia 1961 hadi Februari 1968. Ndiye aliyekuwa akisimama na takwimu na chati kuwaeleza Wamarekani kuwa vita ya Vietnam inakwenda vizuri. Lakini moyoni alishaanza kuona kuwa haishindiki. Novemba 1967 alimwandikia Rais Johnson kwa siri akipendekeza mabomu yasitishwe na askari wasiongezwe. Rais hakukubali. McNamara akaondoka wizarani, akapewa Benki ya Dunia, akaiongoza kwa miaka 13. Hadharani, juu ya vita ile, alinyamaza.

Alikuja kukiri mwaka 1995, katika kitabu, kwamba yeye na wenzake walikosea vibaya sana. Miaka 27 ilikuwa imepita tangu atoke wizarani. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa katika vita ile, na zaidi ya nusu yao walikufa baada ya yeye kuondoka na siri yake kifuani. Wavietnam waliokufa wanahesabiwa kwa mamilioni. Kukiri kwake kulikuwa kwa kweli, sina shaka. Lakini aliwaambia akina nani? Wale waliostahili kulisikia zaidi walikuwa makaburini.

Watu wawili, muongo mmoja, nchi moja. Wote walijua wamekosea. Tofauti yao si elimu, maana waziri alikuwa msomi mkubwa na Malcolm alijisomea gerezani. Tofauti ni muda uliopita kati ya kujua na kusema.

Najua kuna atakayenipinga, tena kwa hoja nzito. Atasema: Uislamu umetufundisha sitara. Mja akitenda dhambi usiku na Mola wake akamsitiri, haifai asubuhi aamke aitangaze. Hiyo ni kweli tupu, na hadithi za Mtume (S.A.W) juu ya jambo hilo zinajulikana. Lakini tutofautishe. Dhambi ya usiri huzikwa kwa sitara kwa kuwa madhara yake yameishia kwa mtendaji. Uongo ulioutangaza kwa kipaza sauti uko hai. Uko vichwani mwa watu, unatembea, unaoa, unazaa. Wewe umetubu chumbani, lakini neno lako bado linafanya kazi mtaani.

Rejea Suratul Baqara, aya ya 159 na 160. Mwenyezi Mungu (S.W) anawataja wenye kuificha haki baada ya kubainishwa, na laana inayowapata. Kisha anawatoa watu fulani katika laana hiyo, na kwao hakutaja toba peke yake. Ametaja kutubu, kutengeneza kilichoharibika, na kubainisha. Mambo matatu. Wengi wetu huishia la kwanza.

Hoja ya pili ni ya kisiasa, na hii ndiyo inayotushinda zaidi. Inasema: ukikiri kosa mbele ya adui umempa silaha. Malcolm aliambiwa hivyo hivyo. Ndugu zake wa jana walimwita msaliti na mnafiki. Wapinzani wake wakasema eti simba kafugwa.

Lakini tazama alichokikataa na alichobaki nacho. Aliukataa uongo kuwa mzungu ni shetani kwa maumbile. Hakuiondolea Marekani hata tuhuma moja ya dhulma. Julai mwaka ule ule alikuwa Cairo kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika, akiwaomba waifikishe Marekani mbele ya Umoja wa Mataifa kwa kuvunja haki za binadamu. Oktoba alifika hapa Dar es Salaam akaonana na Mwalimu Nyerere, na Desemba Abdulrahman Babu wetu alisimama kwenye jukwaa lake kule Harlem. Februari 1965 alikwenda Selma, Alabama, kuwaunga mkono waliokuwa wakidai kura, harakati ambazo viongozi wake huko nyuma alikuwa akiwakejeli. Huyo si simba aliyefugwa. Alipoutoa uongo katika hoja yake, hoja ilibaki ya kweli tupu, na hoja ya namna hiyo ndiyo inayomtisha mwenye kudhulumu.

Alilipa. Februari 14, 1965 nyumba yake ilichomwa moto usiku akiwa ndani na mkewe na mabinti zao wanne. Siku saba baadaye alipigwa risasi ukumbini Audubon. Alikuwa na umri wa miaka 39.

Na hapa ndipo zamu ya sisi wasikilizaji inapoingia. Mei 1964 Malcolm, akiwa safarini, alikutana kwa bahati na Muhammad Ali mjini Accra. Walikuwa marafiki kama ndugu. Ali, kijana wa miaka 22 aliyekuwa ametwaa ubingwa wa dunia miezi michache nyuma, alimpa mgongo kwa kuwa kiongozi wake alishamkataza. Bondia huyu ndiye aliyekuja kukataa jeshi la Marekani mwaka 1967 na kunyang'anywa mkanda. Aliweza kuikatalia serikali ya taifa kubwa. Kundi lake mwenyewe lilimshinda. Mwaka 2004, miaka 40 baadaye, aliandika kuwa kumpa mgongo Malcolm ni moja ya makosa anayoyajutia zaidi maishani mwake. Mwenyewe wa kumwomba radhi hakuwapo.

Hata dola nayo ilichelewa. Watu watatu walitiwa hatiani mwaka 1966 kwa mauaji yale. Novemba 2021 mahakama ya New York iliwafutia hatia wawili kati yao, miaka 55 baadaye. Mmoja wa hao wawili alikuwa amefariki mwaka 2009.

Ndugu msomaji, kwa nini nakusumbua na habari za Marekani ya zamani? Kwa sababu nami ninalo langu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika msikiti ninaoswali, nilisimama baada ya swala ya Ijumaa nikauliza kwa sauti fedha za pampu ya kisima zimekwenda wapi. Sikumtaja mtu, lakini kila mtu alimjua mzee aliyekuwa akishika hazina. Watu walinisifu kuwa ni kijana jasiri. Baada ya miezi miwili niliziona risiti zote. Haikupotea hata shilingi.

Nilikwenda kwake usiku kumwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa kahawa, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kwa upole: "Mwanangu, mimi nimekusamehe. Lakini ulinituhumu mbele ya safu kumi, na radhi unaniomba mbele ya mama yako huyu peke yake." Sikuwa na jibu. Tangu hapo akawa anaswali msikiti mwingine.

Nilikaa na neno lile miaka mitatu. Nilipowaeleza wenzangu kuwa nataka kusimama, waliniambia nisifukue yaliyozikwa, nitawagawa Waislamu. Nikaipenda sababu hiyo kwa kuwa ilinifaa. Hatimaye nilisimama. Nilisema yote, nikataja kosa langu kwa jina lake. Lakini nilipotazama mbele, safu hazikuwa zile. Wengine walishahama, wengine walishafariki, na walikwenda nalo neno langu la kwanza wasilisikie la pili. Hao siwezi kuwafikia tena.

Wahenga walisema kosa si kosa, kosa kurudia kosa. Mimi ningeongeza: na kulichelewesha kulisahihisha. Kila siku unayonyamaza, wanaopaswa kukusikia wanapungua.

Kwa hiyo nawausia wenzangu wenye kipaza sauti, wawe maimamu, walimu, waandishi au wanasiasa, tusahihishe kwa sauti ile ile tuliyokosea nayo, tena mapema. Nasi tulio wasikilizaji, mtu anapokiri mbele yetu tusimfanye adui, maana tukimfanya hivyo tumewafundisha wengine kumi kunyamaza. Malcolm hakupata watu wa namna hiyo. Mzee wangu alirudi msikitini kwetu Ijumaa iliyofuata, akakaa mahali pake pa zamani, safu ya kwanza upande wa dirishani. Hakusema kitu. Mimi ndiye sikuweza kumtazama.

Wabillahi tawfiq.